Dalali Alipwe Sawa kwa Kila Mlango

Hotuba kwa wazee na familia zao, Columbus, Ohio, Oktoba 2025

Wazee wangu, shikamooni. Na nyinyi mliotoka Kongo na Burundi, ambao salamu yenu ni nyingine, nawaamkia kwa heshima ileile. Vijana mliowaleta wazazi wenu leo Jumamosi, siku ambayo wengi wenu mna zamu kazini, asanteni sana.

Nimeombwa nizungumze juu ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, na mwenyekiti alitegemea nieleze mipango mizuri ya mwaka ujao ni ipi. Hilo sitalifanya. Mpango mzuri wa mama huyu si mzuri kwa jirani yake, na mtu atakayesimama mbele ya ukumbi mzima na kuwatajia mpango mmoja, mwogopeni. Nitazungumza juu ya jambo ambalo halisemwi kwenye matangazo ya televisheni wala kwenye makaratasi mnayotumiwa: yule mtu anayekuja kukaa mezani kwako, au anayekupigia simu akusaidie kuchagua bima, analipwa na nani, analipwa kiasi gani, na malipo hayo yanafanya nini kwenye ushauri anaokupa. Tarehe 15 Oktoba dirisha la kubadilisha bima linafunguliwa, linafungwa tarehe 7 Desemba. Katika wiki hizo simu zenu hazitapumzika.

Niliwahi kuwa mtu huyo. Nilikuwa na leseni ya kuuza bima ya afya kwa miaka mitatu, nikihudumia zaidi watu wetu, kwa sababu mawakala wanaosema Kiswahili walikuwa wa kuhesabu. Kwa hiyo ninayosema leo siyasemi kwa kuwachukia mawakala. Ninawajua. Wengi ni watu wa haki, wanaendesha gari kwenye theluji kwenda kumsaidia bibi aliyekataliwa dawa, na hawalipwi senti kwa safari hiyo.

Novemba 2021 niliitwa nyumbani kwa mzee mmoja. Nitamwita Babu tu. Alikuwa na miaka sitini na nane, mwenyeji wa Uvira, mstaafu wa kiwanda cha nyama. Tulikaa mezani jikoni. Mkewe akaweka chai ya tangawizi na maandazi, Babu akaleta mfuko wa plastiki na kuumimina mezani: chupa za dawa, tisa nilizihesabu, na kadi mbili zilizofungwa kwa mpira. Kadi moja ilikuwa ile ya Medicare, ya rangi nyekundu, nyeupe na buluu. Ya pili ilikuwa ya Medigap, bima ya nyongeza ambayo mwanawe alimkatia alipofikisha miaka sitini na tano. Mwana alikuwa amehamia Texas, na Babu hakutaka kuendelea kumbebesha ile ada ya kila mwezi.

Nikamwonyesha mpango wa Medicare Advantage, yaani Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi ya bima badala ya serikali yenyewe. Hauna ada ya mwezi zaidi ya ile ya serikali. Una meno, una miwani, una gari la kukupeleka hospitali. Nikamuuliza daktari wake wa moyo ni nani, nikamtafuta kwenye orodha ya kampuni, nikamkuta. Kila nilichomwambia kilikuwa kweli. Babu akatia saini, akanishika mikono miwili, akaniombea dua kwa Kibembe.

Mwezi Machi 2023 yule daktari wa moyo akatoka kwenye orodha ya kampuni. Babu akanipigia simu: mwanangu, nirudishe kwenye kadi yangu ya zamani. Kurudi Medicare ya serikali ilikuwa rahisi, dirisha la miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka lilikuwa bado wazi. Lakini Medicare ya serikali peke yake inakuachia asilimia 20 ya gharama za daktari na kliniki, na asilimia hiyo haina kikomo. Kwa mtu mwenye moyo mgonjwa, Medigap ndiyo ingeziba pengo hilo. Nikaomba Medigap. Wakatuma fomu yenye maswali ya afya. Swali la moyo lilikuwa ukurasa wa kwanza. Wakamkataa.

Sheria ndiyo hiyo, na nataka kila kijana hapa aikumbuke kwa ajili ya wazazi wake. Ukishaingia Part B, ile sehemu ya Medicare inayolipia daktari na kliniki, ukiwa na miaka sitini na tano au zaidi, una miezi sita ya kukata Medigap yoyote bila kuulizwa una ugonjwa gani. Ukiiacha Medigap kwa mara ya kwanza ili ujaribu Advantage, una miezi kumi na miwili ya kubadili mawazo na kuirudia. Baada ya hapo, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria, kampuni ina haki ya kukuuliza kuhusu afya yako na kukukataa. Ni majimbo machache tu yanayomlinda mzee wakati wote au angalau mara moja kila mwaka, kama New York, Connecticut, Massachusetts na Maine. Ohio haimo. Babu alikuwa amepitisha miezi kumi na minne.

Mimi nilikuwa naijua sheria hiyo. Ilikuwa kwenye mtihani niliofanya. Jioni ile mezani sikumdanganya Babu, lakini sikumwambia kwamba mlango anaoutoka unaweza kujifunga nyuma yake. Nimejiuliza sana kwa nini. Sikuwa na nia mbaya, nilimpenda mzee yule. Lakini nilijua, kama kila wakala alivyojua, kwamba akitia saini Advantage mwaka ule ninalipwa mpaka dola 573. Akibaki na kadi zake mbili silipwi kitu. Sikukaa nikapiga hesabu ile mbele ya chai yake, ila hesabu ilikuwa imeshapigwa kabla sijagonga mlango, na ilikuwa imeamua maneno gani yaje mdomoni mwangu na yapi yabaki.

Hapo ndipo hoja yangu ya leo inapoanza. Nchi hii imejaza vitabu kwa kanuni za kumkataza wakala asidanganye. Lakini uongo ni sehemu ndogo ya tatizo. Sehemu kubwa ni ukimya, na ukimya huo unanunuliwa.

Tuone sasa pesa zenyewe. Kwa mwaka huu wa 2025, wakala anayemwingiza mzee Medicare Advantage kwa mara ya kwanza analipwa mpaka dola 626 katika majimbo mengi. Kila mwaka mzee anaobaki humo, wakala anapata nusu, dola 313. Kwa mwaka ujao wa 2026 kiwango kimepanda: dola 694 mara ya kwanza na 347 kila mwaka unaofuata. Sasa chukueni mzee mwingine, ambaye baada ya ushauri anaamua kubaki na Medicare ya serikali na kukata mpango wa dawa peke yake, ule unaoitwa Part D. Kwa huyo wakala anapata mpaka dola 109 mwaka huu, na 114 mwaka ujao. Ni meza ileile, na saa mbili zilezile za kusoma majina ya dawa. Mlango mmoja una mia sita, mlango wa pili una mia moja. Na kama ushauri wa kweli ni kwamba usiguse kitu, ulichonacho kinakufaa, mshauri huyo anarudi nyumbani mikono mitupu.

Wazee, mnajua msemo wetu: mkono mtupu haurambwi. Medicare ya serikali ina mkono mtupu. Haimlipi dalali yeyote. Kwa hiyo hamtasikia dalali akiisifu, hata pale ambapo ndiyo inayomfaa mgonjwa.

Kampuni zinapata wapi pesa hizo? Kutoka Medicare yenyewe. Ukijiunga na Advantage, serikali inailipa kampuni kila mwezi kiasi maalumu kwa kichwa chako, na kwa mzee wa kawaida kiasi hicho hupita dola elfu moja kwa mwezi. Kumlipa wakala mia sita na kitu mara moja ni mbegu ndogo kwa shamba kubwa. Tume inayolishauri Bunge la Marekani juu ya Medicare, MedPAC, ilikadiria mwezi Machi mwaka huu kwamba serikali itatumia mwaka 2025 dola bilioni 84 zaidi kwa wazee walio Advantage kuliko ambavyo ingetumia kama wazee haohao wangekuwa Medicare ya serikali. Zaidi ya nusu ya wazee wenye haki ya kuchagua wako Advantage leo. Na ada ya Part B, ile dola 185 inayokatwa kwenye hundi zenu za Social Security, pensheni ya serikali, kila mwezi mwaka huu wa 2025, hupanda kwa kufuata matumizi hayo. Kwa hiyo anayewaambia kwamba huduma ya wakala ni bure hajawaambia yote.

Wale mliokaa Dar es Salaam mnamjua dalali wa nyumba. Anakuzungusha Sinza, anakuzungusha Tabata, ukipata chumba unampa kodi ya mwezi mmoja. Tunamlalamikia kila siku. Lakini yule dalali ana jambo moja jema: unajua anakula kwako, na unajua kiasi. Akikusukumia chumba kinachoingiza maji masika, unajua kwa nini ana haraka. Dalali wa Medicare anakula kwingine, na kiasi hukijui.

Niseme kwa haki upande wa pili. Advantage si ubaya. Wengi mlio humu mna Medicare pamoja na Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hamna uwezo wa kulipa Medigap, na kwenu mpango wa Advantage uliotengenezwa kwa watu wenye kadi zote mbili unaweza kuwa msaada mkubwa: meno, usafiri, kadi ya chakula. Mama mmoja aliyekaa safu ya tatu ananiangalia, na anajua mimi ndiye niliyemshauri abaki kwenye Advantage yake mwaka jana. Na wala Medigap si takatifu. Huko wakala hulipwa asilimia ya ada, na hakuna kikomo cha serikali kuu, kwa hiyo kuna anayekusukumia ile ya bei kubwa kwa sababu hiyohiyo. Ninachotaka ni kwamba yule mtu aliye mezani kwako asiwe na sababu ya kutaka uende kulia au kushoto.

Serikali imejaribu kulishughulikia jambo hili. Miaka ya mwanzo ya mipango hii mawakala walikuwa wakigonga milango bila kuitwa, na wazee wengine walitia saini wakidhani wanapokea zawadi. Mwaka 2008 Bunge likapitisha sheria: ni marufuku kubisha hodi bila mwaliko, ni marufuku kumpigia simu mtu ambaye hakuomba, na malipo ya mawakala yakawekewa kikomo. Zile 573, 626 na 694 nilizozitaja ni matunda ya sheria hiyo, ni viwango vya juu visivyotakiwa kupitwa.

Lakini maji hutafuta ufa. Kikomo kinagusa kamisheni ya wakala. Hakikugusa vizuri pesa nyingine zinazotoka kwenye kampuni za bima kwenda kwenye kampuni kubwa za udalali zinazosimama kati: pesa za matangazo, pesa za mafunzo, pesa za kompyuta, pesa za kujaza dodoso la afya ya mteja mpya. Zote zinaitwa gharama za utawala. Jina ni la ofisini, lakini pesa inayolipwa kwa kuhesabu vichwa vilivyoingizwa, iite jina lolote, ni kamisheni.

Mwaka 2020 Medicare ilipokea malalamiko 15,497 juu ya namna mipango hii inavyouzwa. Mwaka uliofuata, hata bila kuhesabu mwezi wa Desemba, yalikuwa 39,617. Novemba 2022 kamati ya fedha ya Seneti chini ya Seneta Ron Wyden ikatoa ripoti juu ya udanganyifu huo, na kati ya mwaka 2022 na 2023 kanuni zikakazwa: simu za mauzo zirekodiwe, wakala akuambie waziwazi kama hauzi mipango yote ya eneo lako, na kwa kawaida zipite saa 48 kati ya siku unayokubali kukutana naye na siku ya mkutano wenyewe.

Hizo ni kanuni za mdomo. Kanuni ya mfuko ilikuja Aprili 2024. Medicare ilisema: kuanzia mwaka 2025, malipo yote ya wakala yahesabiwe kuwa kamisheni, yale ya utawala yafungwe kwenye nyongeza moja ya dola 100, na mikataba inayomfanya wakala apendelee kampuni moja ipigwe marufuku. Hiyo ilikuwa hatua kubwa kuliko zote tangu 2008. Vyama vya kampuni za udalali vikaenda mahakamani Texas. Tarehe 3 Julai 2024 Jaji Reed O'Connor wa Fort Worth akasimamisha sehemu hizo za malipo na mikataba, na hazijawahi kufanya kazi hata msimu mmoja. Kamisheni ya mwaka huu ikabaki 626 bila ile mia moja, na pesa za utawala zikaendelea kupita kando.

Na tarehe 1 Mei mwaka huu Wizara ya Sheria ya Marekani ikajiunga na kesi iliyoanzishwa na mtu aliyewahi kufanya kazi ndani ya kampuni ya udalali. Serikali inazishtaki kampuni tatu za bima, Aetna, Elevance Health na Humana, pamoja na madalali wakubwa watatu, eHealth, GoHealth na SelectQuote. Madai ni kwamba kuanzia 2016 mpaka angalau 2021 kampuni za bima zililipa mamia ya mamilioni ya dola kwa siri ili wazee waelekezwe kwao, na kwamba Aetna na Humana ziliwasukuma madalali wapunguze kuwaingiza watu wenye ulemavu, kwa kuwa hawana faida. Kampuni zimekana mashtaka. Mahakama haijaamua, nami siwezi kuamua kabla yake. Lakini someni jinsi madai yalivyo: kesi inahusu nani alimlipa dalali, na dalali akamwelekeza mzee wapi. Kama dola zingekuwa sawa kila upande, kusingekuwa na cha kununua.

Kuna jambo jipya pia, na limenishtua. Msimu uliopita na msimu huu baadhi ya kampuni zimeacha kabisa kulipa kamisheni kwa baadhi ya mipango yao, hasa ile ya dawa na ile ambayo wagonjwa wengi wamejiunga nayo. Mpango upo, serikali imeuidhinisha, mzee ana haki ya kuuchagua. Ila dalali hapati kitu, kwa hiyo hautaji. Kwa miaka mingi tulidhani hatari ni kampuni kulipa sana. Sasa tunaona kampuni inaweza kukufukuza kwa kutolipa. Ina maana usukani wa ushauri mzima umewekwa mikononi mwa anayeuza, akitaka anakanyaga mafuta, akitaka breki.

Ndiyo maana nasema kupunguza kamisheni peke yake hakutoshi. Hata kanuni ya 2024 ningeiunga mkono kwa mikono miwili, lakini haikugusa tofauti ya mia sita na mia moja. Ninachopendekeza kinasemeka kwa sentensi moja: dalali alipwe ada moja ileile, mzee achague mlango gani. Achague Advantage, achague Medicare ya serikali na Part D, achague kuongeza Medigap, achague kubaki alipo, ada ni ile. Kampuni isipange ada hiyo wala isiikabidhi kwa mkono wake. Kila kampuni ichangie kwenye mfuko mmoja kulingana na idadi ya wanachama wake, Medicare nayo ichangie kwa ajili ya wale wanaobaki kwake, na malipo yatoke kwenye mfuko huo. Pesa za utawala zinazolipwa kwa kichwa ziishe kabisa. Kama kampuni ya udalali inahitaji kompyuta, inunue kwa mapato yake kama kila mfanyabiashara.

Ada yenyewe iwe kiasi gani? Iwe ya mtu kuishi kwa heshima. Sitaki wakala awe maskini, maana maskini hukimbilia idadi. Na ile sehemu ya kila mwaka ibaki, kwa sababu ndiyo inayomfanya apokee simu mwezi Februari dawa inapokataliwa. Ila ilipwe kwa kazi hiyo: awe amezungumza na mteja wake angalau mara moja mwaka huo, amekagua dawa zake na madaktari wake, na imeandikwa. Nilikuwa na wenzangu waliopokea nusu ya kamisheni miaka mitano mfululizo kwa wazee ambao hawangewatambua wakikutana sokoni.

Wengine wameniambia: ukisawazisha, mawakala wataondoka, na wazee wa lugha ngeni ndio watakaokosa msaada. Naliheshimu swali hili, kwa sababu wazee hao ni nyinyi. Lakini tuangalie msaada mnaoupata leo. Msichana wa miaka kumi na nne amekaa kwenye kochi, simu imewekwa spika, bibi yake yuko pembeni. Sauti ya upande wa pili inasoma maneno kwa kasi kwa Kiingereza. Msichana anatafsiri kile anachokielewa: "Wanauliza unataka meno ya bure?" Bibi anasema ndiyo, nani asiyetaka? "Wanasema useme tarehe yako ya kuzaliwa na useme yes." Bibi anasema yes. Simu imerekodiwa kama kanuni inavyotaka. Kila sharti limetimizwa. Na kuanzia Januari Mosi bibi ana bima nyingine, na daktari wake wa figo haipokei. Nimeishughulikia familia hiyo mimi mwenyewe. Tukiupoteza msaada wa namna hiyo tutakuwa tumepoteza nini?

Na upo msaada mwingine ambao haujapewa pesa za kutosha. Tangu 1990 kuna sheria inayoweka washauri wa Medicare katika kila jimbo, unaitwa mpango wa SHIP. Hapa Ohio unaitwa OSHIIP. Hawauzi chochote, hawapokei kamisheni, wengi wao ni watu wa kujitolea. Bajeti ya serikali kuu kwa mpango huo, nchi nzima, ni kama dola milioni 55 kwa mwaka. Pigeni hesabu pamoja nami kwa kiwango cha mwaka ujao: kamisheni ya kuwaingiza watu elfu themanini tu inafika dola milioni 55. Na walio Advantage ni zaidi ya milioni 34. Sehemu ya ule mfuko nilioutaja iende huko, na iende na sharti: mahali penye jamii kama yetu, awepo mshauri anayelipwa mshahara na anayesema lugha ya watu. Vijana wetu wamesomea uuguzi hapa, wamesomea kazi za ustawi wa jamii. Wapo. Kinachokosekana ni nafasi ya kazi.

Sasa haya hayatabadilika msimu huu, na simu zinakuja wiki hii. Kwa hiyo niwaachie maswali ya kumuuliza wakala, na ulizeni kwa Kiswahili kama naye ni wa Kiswahili, bila kuona haya. Utalipwa kiasi gani nikitia saini huu? Utalipwa kiasi gani nikibaki nilipo? Kuna mipango mingapi katika wilaya yangu, na wewe unauza mingapi? Nikitaka kurudi nilikotoka mwakani, nani anaweza kunikataa? Wakala wa haki atajibu. Nawajua wengine watakaofurahi kuulizwa, kwa sababu hata wao wamechoka kubeba mzigo huu kimoyomoyo.

Akikupigia mtu ambaye hukumwomba, na akakuambia anatoka Medicare, kata simu. Medicare haipigi simu kuuza bima. Ukitaka kuhakikisha jambo, piga wewe 1-800-633-4227, mchana au usiku, useme "Swahili", utapewa mkalimani bila malipo. Mjukuu aende akafanye kazi zake za shule.

Na vijana, kazi yenu ni nyingine. Medicare ikitoa pendekezo la kanuni mpya, mtu yeyote anaruhusiwa kuandika maoni, na wanalazimika kuyapokea. Kampuni za udalali zinaandika maelfu ya kurasa. Sijawahi kuona barua iliyoandikwa na mtu wa jamii yetu. Mwaka huu naomba tuandike kumi. Si lazima iwe ndefu wala ya kisheria. Andika kilichompata mama yako, tarehe, na dirisha gani lilikuwa limefungwa alipotaka kurudi. Nakala ipelekwe kwa mbunge wa eneo letu na kwa maseneta wetu wawili. Mimi nitaandika ya Babu. Familia yake imeniruhusu. Alihama daktari mara mbili mwaka ule. Bado yuko, namshukuru Mungu, ila kwa daktari wa sasa anasafiri saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, mkewe akimshikia mfuko ule ule wa dawa.

Mmoja wenu ameuliza kwa karatasi kama ile barua nene iliyokuja mwezi wa tisa ni ya kutupa. Usiitupe. Ile ndiyo barua ya mabadiliko: inakuambia mpango wako unaongeza nini na unapunguza nini kuanzia Januari, na kampuni inalazimika kuifikisha kwako kabla ya mwisho wa Septemba. Wenye nazo, zileteni pale mezani karibu na dirisha, pamoja na chupa za dawa kama mmezibeba. Tuko watatu, tunasoma Kiingereza na Kiswahili, na mmoja wetu anasema Kirundi. Tutakaa mpaka saa kumi na mbili jioni. Mama wa safu ya tatu, njoo wewe kwanza, mguu unakuuma.